Kaseti Isiyo na Jalada

Katika Mpanda nzima ya mwaka tisini na saba, kuanzia stesheni ya reli mpaka nyumba za mwisho za mtaa wetu wa Shanwe, watu waliopenda muziki wa hevi metali na panki walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mdogo wangu Maximilian, fundi baiskeli. Wa pili alikuwa rafiki yake Révérien, ambaye nadhani aliuzoea kwa sababu kibanda chake kilishikana ukuta na cha Maxi na hakuwa na pa kukimbilia. Sisi wengine tulikuwa na akili timamu. Tulisikiliza rumba kutoka ng'ambo ya ziwa na kwaya siku ya Jumapili, tukamshukuru Mungu.

Ugonjwa huo uliletwa na mzungu. Alikuwa kijana wa kuchimba visima kwenye makazi ya wakimbizi kule Katumba, mwenye nywele mpaka mgongoni na baiskeli ambayo pancha zake zilimlisha Maxi miaka miwili. Siku ya kuondoka, badala ya kumwachia fundi wake kitu cha maana, kwa mfano hiyo baiskeli, akamwachia redio kaseti na kaseti nne. Maxi alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyeachiwa shamba.

Majina ya kizungu yaliyokuwa juu ya kaseti hizo hakuna aliyeyaweza, kwa hiyo Maxi alizibatiza upya kwa picha za majalada yake. Kisha akazipanga kwa ubora. Mteja akileta baiskeli yenye rimu iliyopinda, kabla hajaambiwa itakuwa tayari lini, aliambiwa kwanza albamu ipi ni ya ngapi duniani na kwa sababu gani. Wengine walijifunza kunyoosha rimu wenyewe.

Ya pili kwa ubora ilikuwa ya Mbuzi. Jalada lake lina mbuzi wa pembe tatu, amesimama juu ya kilima anatazama moto. Ndani yake kuna wanaume wanaolalamika na sauti zao ni za watu waliokwamwa na mwiba wa samaki, na wimbo mmoja unakula upande mzima wa kaseti. Mzee Mwandu, Msukuma aliyekuwa akipitisha ng'ombe wake pale kwenda mnadani, alilishika jalada lile akaliangalia kwa makini sana, halafu akauliza mbuzi wa aina hiyo anapatikana wapi.

Ya tatu ilikuwa Kiwanda. Picha ni mabomba ya moshi tu, na mwimbaji anaimba kama mtu aliyeamshwa na sungusungu akaulizwa ng'ombe wa watu wako wapi. Maxi alisema hiyo ni albamu ya fikra. Mimi nilikuwa nauza chai na maandazi stesheni, sikuwa na nafasi ya kufikiri kwa kelele zile.

Ya mwisho kabisa, tena kwa dharau, ilikuwa Wahuni wa Ukutani. Hao ni vijana wanne walioegemea ukuta, suruali zimechanika magotini, nyuso za watu walioachwa na treni. Hiyo ndiyo panki, Mbuzi na Kiwanda ni hevi metali. Nyimbo zao zinakwisha kabla hujajua zimeanza. Ukienda kutafuta chenji, ukirudi wameshamaliza tatu. Maxi alisema panki ni muziki wa watu wenye haraka ya kufika mahali ambapo hawajaalikwa. Révérien aliiona ndiyo bora kuliko zote, na kwa ajili hiyo wanaume wawili wenye ndevu waliwahi kununiana na kurudishiana bisibisi.

Ya kwanza, ambayo nyingine hazikuifikia hata kwa mbali, Maxi hakuwatajia wateja. Ilikuwa kaseti nyeusi, haina karatasi, haina picha, mwandiko wa mzungu umeshafutika kwa jasho. Aliiita Isiyo na Jalada. Hiyo ilikuwa ya mama.

Mama yetu, Theopista, alikuwa Mfipa aliyeolewa Mpanda na mtu wa reli. Siku Maxi alipoleta urithi wake nyumbani, mama alizikagua kaseti zote nne kama anavyokagua dagaa wa gulioni. Mbuzi hakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Kiwanda kilirudishwa kwa sababu kilionekana kuungua. Wahuni wa Ukutani walifukuzwa kwa ajili ya suruali zao, mama akasema kama hawana wa kuwashonea waende kwao. Ikabaki ile isiyo na picha, kwa hiyo isiyo na kosa. Mama akasema hiyo ipigwe nyumbani, nyingine zikapigwe huko huko kwenye kibanda, ambako Révérien alikuwa na betri ya gari na anaweza kuendesha ushetani wowote anaoutaka.

Maxi akachomoa betri za tochi, akaipiga. Ngoma ikaanza polepole, nzito. Pum, halafu unasubiri, halafu pum. Gitaa likanguruma chini chini bila haraka, na mwanaume akaanza kuimba kwa sauti ya chini mno, kama anayeongea na mtu aliye kisimani. Mimi nilisema redio inaumwa. Lakini mama aliacha kuchambua maharage, ungo ukabaki magotini.

"Hiyo ni mivukuto ya babu," akasema.

Babu yake mama alikuwa mfua chuma huko Ufipa, enzi hizo watu wakijitengenezea majembe yao wenyewe. Mama alipokuwa mdogo alilala akisikia mivukuto, ile mifuko ya kupulizia moto, ikivuta na kupumua upande wa pili wa kijiji, na wanaume wakiimba taratibu kwa kuifuata, kwa sababu ukiharakisha moto unaharibika. Hakuwa ameisikia tena tangu alipoletwa Mpanda kuwa mke wa mtu. Sasa inatoka kwa wazungu, ndani ya kidude cha plastiki. Tuliobaki tulitazamana. Maxi alionekana kama amefaulu mtihani ambao hakuufanya.

Basi ikawa hivyo. Kila jioni mama aliisikiliza kidogo, kadiri betri zilivyoruhusu, na betri zetu zilikuwa na sheria zake. Umeme haukuwa umefika kwetu, na mama ndiye aliyeipanga foleni. Betri mpya inaanzia kwenye redio ya baba, kwa sababu baba, mzee Damiano, mstaafu wa gengi la reli, hakuweza kuishi bila taarifa ya habari na matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Redio ikianza kunong'ona, betri zinashuka kwenye tochi. Tochi ikianza kutoa mwanga wa rangi ya chungwa, betri zinaanikwa juani juu ya bati, na jioni zinaingia kwenye redio kaseti. Huko ndiko zilikokwenda kufa. Hata baada ya kufa hazikupumzika, maana mwalimu aliomba ule unga mweusi wa ndani akaupake ubaoni. Kurudisha mkanda nyuma hatukutumia betri kabisa. Maxi alichomeka kalamu kwenye tundu la kaseti akaizungusha hewani mpaka mkono ukachoka.

Mama alipoanza kuumwa, miguu ikavimba na kitanda kikahamishiwa sebuleni, Isiyo na Jalada ilikuwa inakaa chini ya mto wake. Nilimwona Maxi akizungusha kalamu yake kando ya kitanda jioni kwa jioni, mtu ambaye wateja wake walikuwa wamejaa kibandani wakitukana, na sikumwambia kitu. Kwangu hiyo ni sifa kubwa. Siku chache kabla hajatutoka, mama alitushika mikono akasema, "Siku mkinikumbuka msilie sana. Nipigieni mivukuto ya babu, mkae kimya msikilize."

Maxi aliahidi. Tangu siku ya mazishi hakuipiga tena. Aliifunga kwenye kipande cha kitenge cha mama akaiweka kwenye sanduku, akisubiri siku ya kumbukumbu, mwaka ukitimia.

Mwaka ukatimia. Tukapanga misa, msalaba wa saruji kaburini, na chakula nyumbani. Shangazi Specioza, dada yake baba, akashuka kutoka Kibaoni na magunia mawili ya mchele, betri mpya za redio ya kaka yake, na maoni. Alikuwa amesikia habari za mbuzi. Alisema kama kelele za shetani zitapigwa kwenye msiba wa wifi yake, yeye atafunga magunia yake na kurudi nayo Kibaoni, na sisi tutawalisha watu gitaa. Nilimwambia hiyo si ya mbuzi, ni nyingine. Akauliza tofauti iko wapi. Hata mimi nilikuwa naogopa. Waliokuwa wanakuja ni majirani wote, kwaya na katekista, na mimi ndiye ambaye kesho yake ningekaa stesheni kuwauzia maandazi.

Lakini Maxi alikuwa ameamua kwamba safari hii muziki wa mama hautasikilizwa kwa kuvizia. Shanwe yote isikie. Akamwomba Révérien alete spika zake kubwa na redio yake ya kuendeshwa na betri ya gari.

Révérien alikuwa Mrundi, mtoto wa waliokimbia mwaka sabini na mbili, aliyezaliwa hapo hapo Katumba. Alikuwa mjini kwa kibali cha kutoka makazini, anachaji betri za magari, anatengeneza redio, na kukodisha spika kwenye harusi. Kwa kumbukumbu ya mama alisema hatachukua kitu, maana mama alikuwa akimpelekea viazi. Siku moja kabla, Maxi alimpelekea kaseti ili isije ikachezewa na watoto waliojaa nyumbani. Révérien akataka kuijaribu kwenye spika. Maxi akakataa katakata. Alisema mkanda huo haujapigwa tangu mama aondoke, na hautapigwa kabla ya kumbukumbu yake. Huo ndio ubaya wa mtu anayependa kitu kupita kiasi.

Misa ilikwenda vizuri. Msalaba ukasimama wima, jambo ambalo kwa fundi tuliyempata lilihitaji maombi. Watu wakarudi nyumbani wakala wali wa shangazi, wazee wakapewa wanzuki, pombe ya asali ya Ugalla, na mchana ulipoanza kupoa Maxi akasimama mbele ya spika na shati lake la Krismasi. Akasema mama yetu hakusoma, lakini alikuwa na sikio. Akasema albamu watakayoisikia ni bora kuliko zote duniani, na mama aliijua kabla yao. Akawaomba wakae kimya. Wakakaa kimya kweli, hata watoto. Akamwashiria Révérien abonyeze.

Kilichotoka kwenye spika zile sikuwahi kukisikia. Ngoma ilikuwa inakimbia kama imevamiwa na nyuki. Gitaa linakwaruza juu kwa juu, na yule mwanaume wa kisimani sasa ni kijana mdogo, anapayuka kupitia puani, hana hata nafasi ya kumeza mate. Wimbo ukaisha. Ukaja mwingine, ule ule. Watoto walidhani ndiyo ruhusa, wakaanza kuruka. Katekista alitikisa kichwa kwa adabu, akitafuta mahali pa kuweka kikombe. Kina mama wa kwaya walitazama chini wote kwa pamoja, na mabega ya mmoja wao yalikuwa yanatetemeka, siyo kwa kilio. Shangazi Specioza akainuka akaelekea jikoni, nikajua anakwenda kuangalia mchele uliobaki.

Nimemcheka mdogo wangu maisha yangu yote na sioni dalili ya kuacha, lakini siku ile sikuweza. Alisimama pale, mkono bado uko hewani, anasikiliza kwa nguvu kama anayemtafuta mtu kwenye umati. Kisha akazima mwenyewe.

Révérien, ambaye hakuwahi kuisikia Isiyo na Jalada, alikosea, akasema kweli wakati mbaya. Alisema kwa sauti ya chini, tena na furaha kidogo, kwamba hao ni wale wale Wahuni wa Ukutani, sauti ni ile ile, bila shaka ni albamu yao nyingine.

"Umebadilisha," Maxi akasema.

Akaeleza mbele ya watu wote. Kaseti imelala kwa Révérien. Kaseti ina skrubu, na Révérien ana bisibisi ndogo. Amefungua, ametoa mkanda wa mama, ameweka wa wahuni wake ili ashinde ubishi. Au ameuza. Alisema neno mwizi, na watu walilisikia vizuri, kwa sababu walikuwa bado wamekaa kimya kama walivyoombwa.

Révérien alichukua muda kuzungusha waya kwenye kiwiko.

"Kila duka ninaloingia hapa mjini watu wananiangalia mikono," akasema. "Kwako tu ndipo nilipokuwa nasahau kama nina mikono."

Akapakia spika zake kwenye mkokoteni akaondoka. Kaseti aliiacha juu ya kiti.

Kama Maxi angeishia hapo, tungesema ni uchungu wa msiba. Hakuishia hapo. Akaichomoa redio kaseti yake sandukuni, akanyakua zile betri mpya za baba alizoleta shangazi, akazipachika pamoja na ile kaseti, akabonyeza. Wahuni wakapayuka kama mwanzo. Akasema ushahidi umekamilika, redio yake mwenyewe imeshuhudia. Akatoka kwenda kibandani kwa Révérien, na vijana wawili watatu waliokuwa wameshiba wali wa bure wakamfuata, kwa sababu mtu aliyeshiba bure hukosa kazi. Hapo nikaanza kuogopa hasa. Mkimbizi akiitwa mwizi mjini, kibali chake si kitu cha kumwokoa. Kulikuwa na watu pale ambao wangefurahi kumsindikiza Révérien mpaka Katumba kwa miguu, na siyo taratibu.

Nilikuwa natafuta kanga nimfuate, baba akaniita. Matangazo ya vifo yalikuwa yanakaribia na redio yake inanong'ona.

"Restituta," akasema, "betri zangu."

Nyumba inaungua, mzee anataka betri zake. Lakini huyo ndiye baba, na kubishana naye kungechukua muda mrefu kuliko kumhudumia. Nikazichomoa betri mpya kwenye redio kaseti nikampa. Za kwake zilizochoka nikazishusha kwenye tochi. Za tochi, ambazo zilikuwa hoi, nikazishusha kwenye redio kaseti. Mikono ilifanya yenyewe, ngazi moja moja, kama mama alivyotufundisha. Na ukipachika betri lazima uijaribu kama iko hai, kwa hiyo nikabonyeza.

Pum. Nikasubiri. Pum.

Nikakaa chini sakafuni. Mwanaume akaanza kuimba kutoka kisimani kwake, taratibu, na gitaa likavuta na kupumua. Kaseti ni ile ile, hakuna aliyeigusa. Baba, ambaye hakuwahi kuzima matangazo ya vifo tangu nimjue, akaizima redio yake. Shangazi Specioza alisimama mlangoni na upawa mkononi, akauliza, "Ndiyo hii aliyokuwa akiisikiliza?" Nikaitikia kwa kichwa tu. Nilikuwa nalia, na sikuwa nimelia hivyo hata siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi kulikuwa na watu wa kupikia.

Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Kwenye betri mpya, wale ni wahuni wanaokimbia. Kwenye betri za mwisho za nyumba yetu, mota inachoka, mkanda unajikokota, wanakuwa mivukuto ya babu. Mama alikula mwisho, alioga mwisho, alijipimia kitenge kwa kipande kilichobaki, na muziki wake nao ulikuwa umetengenezwa na mabaki. Albamu bora duniani haikuwahi kurekodiwa na mtu yeyote. Ilipatikana Shanwe tu, kwa sababu ya ubahili wa mama.

Nikaibeba redio kaseti kifuani inapiga hivyo hivyo nikatoka mbio. Mimi, ambaye sikimbii hata mvua ikinikuta na maandazi kichwani, nilikatiza Shanwe na gauni la kumbukumbu nikiwapigia watu hevi metali. Waliokutana nami wakanipisha.

Kibandani nilimkuta Maxi anapiga mlango kwa kiganja. Révérien amejifungia ndani. Watu walikuwa wameshaongezeka, na mmoja ananiambia mgambo ameitwa. Nikapita katikati yao nikamwekea Maxi redio sikioni kwa nguvu. Mwanzoni alitaka kunisukuma. Halafu mkono wake ukashuka.

"Kaseti ni ile ile," nikamwambia. "Ni betri za tochi. Sisi ndio tuliokuwa tunamcheleweshea mama muziki, huyu hakufanya kitu."

Akasikiliza pale pale barabarani, amefumba macho, watu wanamtazama. Mtu wa hevi metali wa miaka mingi, aliyewahutubia wateja juu ya albamu ya kwanza na ya mwisho duniani, alikuwa akiipenda panki bila kujua. Siku nyingine ningemcheka mpaka nishikwe na kichomi. Vijana walioshiba walipoona hakuna wa kupigwa wakaanza kuondoka, kila mmoja akidai yeye alijua tangu mwanzo. Maxi akausogelea mlango.

"Révérien," akasema, "nilikuangalia mikono. Nisamehe."

Ndani tukasikia kitu kinasogezwa. Mlango ukafunguka kidogo, siyo wote, na Révérien hakumtazama Maxi. Aliitazama redio. Aliinama akaisikiliza kwa sikio la fundi mpaka ule wimbo ukaisha, na kwa mwendo ule haukuisha mapema.

"Mota inakufa," akasema. Kisha akasema, "Kumbe mama alikuwa wa kwetu, mtu wa panki."

Hakusema amesamehe, na Maxi hakuwa na haki ya kuuliza. Lakini aliufungua mlango wote, na mgambo alipofika alikuta watu watatu wamekaa juu ya betri za magari wakisikiliza kitu ambacho, kwa uso wake, hakukipenda.

Kulikuwa na ahadi bado haijatimizwa, na betri za tochi zilikata roho kabla hatujafika nyumbani. Kwa hiyo kesho yake asubuhi, mimi ambaye nimesema yote niliyosema juu ya muziki huu, nilipita nyumba kwa nyumba Shanwe nzima nikiomba betri mbovu. Sikutaka nzima. Mtu akinipa yenye nguvu nilimrudishia. Watu walinitazama kwa huruma, wakasema msiba umenipanda kichwani. Shangazi Specioza alichomoa za tochi yake mwenyewe akanipa, akasema si mbovu kiasi hicho, ila anaona zinaelekea. Magunia yake alikuwa ameshayafungua upya. Révérien alizipanga betri zote ndani ya vipande viwili vya mwanzi, moja nyuma ya nyingine, akaziunga kwa waya, akawa anaongeza na kupunguza mpaka Maxi akasema, hapo, hapo hapo usiguse.

Tukaenda makaburini sisi wa nyumbani tu, na Révérien. Tukaiweka redio kaseti chini ya msalaba, mianzi imelala pembeni yake. Mivukuto ya babu ikaanza. Hakuna aliyelia sana, kama alivyotaka, tulikaa kimya tukasikiliza. Baba alikuwa amevua kofia yake ya reli. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia ukiwa mzito zaidi, na katikati ya wa tatu betri zikaanza kushindwa. Pum ikawa inakuja, halafu unasubiri, unasubiri sana, halafu inakuja nyingine. Sauti ya mwanaume ikashuka mpaka ikawa pumzi tu.

Maxi akanyoosha mkono azime kabla haijaharibika. Baba akamshika kiwiko.

"Iache," akasema. "Iende yenyewe."

Tukaiacha. Ikapiga mara moja tena, tukasubiri nyingine, tukaendelea kusubiri. Mwishowe Révérien ndiye aliyeinama akaanza kufungua nyaya za betri.